Usiyachome Madaftari Yako, Biharusi



Wiki tatu nyuma alikuja biharusi mmoja kujaribu gauni lake mara ya pili. Gauni la lesi, mikono mirefu, shingo imefungwa, mkia wa wastani usiosumbua ngazini. Nimepiga magoti nafunga pindo, pini sita ziko mdomoni (najua, tabia mbaya, mwalimu wangu wa cherehani alinionya kuwa siku moja nitameza), akaniuliza kwa sauti ya chini maana mama yake alikuwa barazani: "Dada fundi, madaftari yangu niyachome?"

Madaftari gani tena? Akanieleza. Anayo manne. Tangu kidato cha tatu anaandika hadithi ya msichana wa Makunduchi anayekwenda Mirihi. Hajamwonesha mtu. Somo yake aliyaona walipokuwa wakipanga sanduku, akamwambia mke wa mtu hafuatani na mambo ya kitoto, ayamalize hukohuko kwao kabla ya siku ya nikahi. Hakusema kwa ubaya. Somo huyo namjua, ni mtu wa dini na mwenye huruma, na wari wengi wamepita mikononi mwake. Ndiyo maana neno lake lina uzito, na ndiyo maana mtoto wa watu alishaanza kutafuta kiberiti.

Nilitema pini kwanza. Nikamwambia usiyachome. Mama yake akaingia, mazungumzo yakaishia hapo, tukarudi kwenye pindo. Leo nataka kumaliza nilichokuwa nasema, wala si kwake peke yake. Mabiharusi wanaopita kwangu nawaona. Huyu kagawa rangi zake za kuchorea, yule kaacha kusoma riwaya, mwengine kamuachia mdogo wake bustani ya maua aliyoipanda kwenye makopo. Kila mmoja anasema, "Sasa naolewa," kana kwamba mume ameoa mtu asiye na kitu ndani yake.

Mimi ya kwangu yalikuwa saba. Wiki ya harusi nilimpa jirani yetu muuza bajia, afungie. Hakuna aliyenilazimisha. Nilijiona nimekua. Baada ya fungate nikatuma mtoto akaninunulie bajia, zikaja zimefungwa kwenye ukurasa wangu mwenyewe, pale ambapo nahodha wangu mzee anapotelewa na njia usiku na anatafuta nyota ya kumrudisha Unguja. Mafuta yalikuwa yameshaingia hadi kwenye jina lake. Nikala bajia. Karatasi nikaikunja nikaitia chini ya godoro. Mume wangu alipoiokota akauliza, "Ya nani hii?" Nikamjibu, "Karatasi ya bajia tu."

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Nilimhukumu mtu kabla hajasema neno. Miaka minne nikamficha jambo ambalo halikuwa haramu wala la aibu. Nilikuwa naandika kwenye simu usiku watoto wakishalala, nikisikia mlango nazima. Siku nilipomwambia, nimejipanga kwa ugomvi mkubwa, aliniangalia akauliza, "Yule nahodha alifika?" Kumbe ile karatasi aliisoma, na miaka yote hiyo alikuwa na hamu ya kujua.

Sasa naandika waziwazi. Riwaya zangu nazitoa mwenyewe kwa sehemu, kwenye simu. Sehemu ya kwanza bure, nyingine msomaji ananitumia shilingi mia tano tano. Hakuna mchapishaji, hakuna mhariri isipokuwa wifi yangu mwalimu wa skuli, ambaye hanionei haya. Msitake kujua napata kiasi gani. Kupunguza mabuibui mawili kunalipa zaidi. Nasema hivi makusudi, kwa sababu siku hizi kila jambo la mwanamke linatetewa kwa pesa: mwache apike keki, atauza, mwache apake hina, atapata wateja. Na kisichouzwa je? Biharusi wangu na msichana wake wa Mirihi huenda asiuze hata nakala moja maishani. Bado namwambia asichome.

Nije kwenye hilo neno la mambo ya kitoto, maana nadhani liliangukia Mirihi zaidi kuliko kuandika. Angeandika mapishi asingeambiwa achome. Anga za juu tumeziona ni mambo ya wanaume wa mbali wenye makoti meupe, na mwanamke wa kisiwani akizitazama tunamwambia arudi jikoni. Mimi penzi langu la anga lilianza jikoni hasa, uwani kwetu, bibi yangu akinionesha Kilimia na Zuhura huku tukisubiri wali uive. Baadaye, nikiwa nishakuwa fundi, nikasoma habari moja iliyonifanya nizime cherehani nikae.

Nguo walizovaa Neil Armstrong na Buzz Aldrin walipokanyaga mwezi, Julai 1969, zilishonwa na mafundi wanawake. Si na roketi wala kompyuta. Kwenye mji mdogo wa Dover, jimbo la Delaware huko Marekani, kulikuwa na kampuni ya mpira iliyojulikana kwa sidiria na mikanda ya kubana tumbo, za jina la Playtex. Ndiyo, sidiria, msicheke. Kampuni hiyo ndiyo iliyopata kazi ya nguo za mwezini, ikawachukua wanawake waliozoea kushona nguo za ndani na za watoto, ikawaweka kwenye vyerehani. Mmoja wao aliitwa Eleanor Foraker, na alikuwa miongoni mwa waliowaongoza wenzake.

Nguo moja ilikuwa na tabaka 21. Wewe uliyewahi kushona gauni lenye bitana, neti na lesi, tabaka tatu au nne tu zikikukimbia chini ya mguu wa cherehani, hebu fikiria 21. Mshono haukuruhusiwa kupotoka hata sehemu moja ya thelathini na mbili ya inchi. Unene wa uzi wa kutarizi, basi. Ukikosea hufumui ukarudia, maana tundu la sindano kwenye tabaka la kuzuia hewa halifutiki. Na pini! Pini zilikuwa zikichungwa kama dhahabu, na nguo zikipigwa eksirei kuhakikisha hakuna iliyosahaulika ndani, kwa sababu pini moja ingeweza kumtoboa mtu mahali ambapo nje yake hakuna hewa. Niliposoma hapo nilizitazama zangu sita nikaona haya.

Wanawake hao hawakuwa wanasayansi. Walikuwa mafundi kama mimi na wewe, waliojua kuwa kitambaa kina tabia yake na mkono unajua jambo kabla ya kichwa. Nikajiambia, basi anga si ya wenzetu peke yao. Ndipo nilipoanza riwaya ninayoiandika sasa, ya fundi wa Malindi, Unguja, anayeletewa nguo moja ngeni ya kuziba. Siwaelezi zaidi, nunueni.

Na msidhani mambo haya yamepita mbali na kisiwa chetu. Wamarekani walipoanza kurusha watu kwenye mzunguko wa dunia walihitaji vituo vya kusikilizia njiani, na kimoja wakakiweka hapa hapa Unguja. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alizunguka dunia mara tatu, na alipopita upande wetu mara ya kwanza kituo cha Zanzibar kilizungumza naye. Nilikaa na kalenda na saa nikapiga hesabu. Ilikuwa katikati ya mwezi wa Ramadhani, na kwa saa zetu ni yapata nusu saa kabla ya magharibi. Nyinyi mnajua nusu saa hiyo ikoje. Muhogo uko motoni, mtoto analilia tende, uji haujakorogwa. Bibi zetu walikuwa hapo, na juu yao mtu anapita kwa kasi akiliacha nyuma jua linaloelekea kutua. Kituo hakikudumu. Kuna watu hapa walioandamana kukipinga kwa hoja zao za siasa, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, kikaondolewa. Kama nyumbani kwenu kuna mzee wa umri huo, muulizeni kabla hamjachelewa. Mimi wa kwangu alishatangulia, Allah amrehemu, na nyota zote zile alizonionesha sikuwahi kumuuliza hilo.

Hata jina letu limeruka. Jirani zetu wa Kenya, kwenye bahari ya Ngomeni karibu na Malindi yao, Waitaliano walikuwa na jukwaa la kurushia roketi lililosimama majini. Tarehe 12 Disemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, likarusha setilaiti ya Marekani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Aliyeongoza mradi ule alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na kwa ajili ya siku hiyo na ukarimu wa wenyeji akaiita Uhuru. Wataalamu wa nyota dunia nzima wanalitamka neno hilo la Kiswahili hadi leo. Biharusi wangu anaambiwa Mirihi si mambo ya kwao!

Sasa upande wa dini, maana najua ndipo swali linapouma. Mimi si mwanachuoni. Nimesoma chuo cha Qur'ani kama nyinyi, na asiyetulia moyo amuulize sheikh anayemwamini. Lakini kutazama mbingu na kufikiri kumesifiwa mwishoni mwa Surat Al-Imran, kwa wanaomkumbuka Allah wakiwa wamesimama, wamekaa na wamelala. Na ninaipenda sana ile hadithi ya Ibn Abbas, iliyomo katika Sahihi Bukhari, alipolala kijana mdogo nyumbani kwa mama yake mdogo Maymuna, radhi za Allah ziwe juu yao. Anasimulia kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alizungumza na mkewe kwa muda, kisha akalala. Ilipofika thuluthi ya mwisho ya usiku akaamka, akakaa, akatazama mbinguni, akazisoma aya hizo. Mabiharusi, tazameni mpangilio wa usiku ule. Maongezi na mke yamo, usingizi umo, mbingu zimo na ibada imo. Hakuna kilichofukuza chenzake.

Waislamu wenyewe wameshapanda huko. Mwanamfalme Sultan bin Salman wa Saudia alipanda mwaka 1985. Daktari wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alipanda Oktoba 2007, siku za mwisho za Ramadhani, na kabla hajaondoka wanazuoni wa nchi yake walikaa kujadili atasalije. Swali si la mzaha. Kituo kile kinazunguka dunia kwa kama dakika 90, basi jua linachomoza na kuzama mara 16 kwa siku moja yetu. Asali mara 80? Wakasema hapana, ni sala tano ndani ya saa 24, kwa kufuata saa za mahali aliporukia. Na kibla? Aelekee Kaaba akiweza, asipoweza aielekee dunia, asipoweza, popote. Nilipolisoma nilitokwa na machozi, sijui kwa nini. Labda kwa sababu nami nimewahi kusali kwenye kona ya kiwanda cha nguo, mgongo umebanwa na marobota, sijui kama nimeelekea sawasawa. Na Mei 2023 akapanda Rayyanah Barnawi, mwanamke wa Saudia, mtafiti wa saratani. Somo yake sijui alimwambia nini.

Wapo watakaosema tatizo si anga, tatizo ni kubuni, kwamba hadithi ya kutunga ni uongo. Jibu langu ni la kifundi tu. Msomaji wangu anajua kuanzia jina la kitabu kuwa fundi huyo hayupo, kama anavyojua kuwa ua lililo kwenye lesi si ua la bustanini. Sijamdanganya. Surat Yusuf imeitwa kisa kizuri kuliko vyote. Hiyo ni kweli tupu, silinganishi, ila najifunza hapo kuwa mwanadamu ameumbwa anaelewa mambo kwa kusimuliwa. Na hapa Unguja mwandishi mwanamke si jambo geni. Zainab Alwi Baharoon alishinda tuzo ya Mabati-Cornell ya mwaka 2018 kwa riwaya yake Mungu Hakopeshwi.

Hatari ya kweli ya mwandishi ni nyingine, nami nimeshaangukia humo. Fundi wa nguo husikia mambo. Mwanamke akivua buibui nikaanza kumpima kifua na kiuno, mdomo nao hufunguka: mume, mavyaa, mke mwenza, mimba iliyotoka. Miaka miwili nyuma niliandika sehemu moja ya riwaya, nikachukua kisa alichonipa mteja, nikabadili jina, nikambadili na kijiji, nikajiona nimemsitiri. Kisiwa hiki ni kidogo, jamani. Alijijua kwa kitu kimoja tu, rangi ya kitambaa. Hakunitukana. Alikuja kuchukua gauni lake ambalo halijakwisha, akalikunja mwenyewe, akaniambia, "Nilidhani naongea na fundi." Nilimfuata kwao kuomba radhi, akanisamehe kwa ulimi. Harudi. Ile sehemu niliifuta, na waliokwisha kuisoma niliwaomba waifute, lakini nani ajuaye. Tangu hapo nina sharti: kinachosemwa wakati nimeshika futi ni amana, hakiingii kwenye karatasi hata kwa rangi nyingine. Ukitaka kuandika, mdogo wangu, buni kwelikweli. Nenda Mirihi. Huko hakuna jirani wa kumsengenya.

Kwa hiyo kama mtu anataka kumpa biharusi wosia kuhusu madaftari, ampe huo. Amwambie pia asiache sala ikapita kwa ajili ya sura moja tamu, jambo ambalo pia nimelifanya nikatubu. Amwambie wali ukiungua kwa sababu ya nahodha, mume ana haki ya kununa kidogo. Hayo ni mawaidha ya haki. Lakini kumwambia aingie kwa mume mikono mitupu, amekwisha kuchoma kilichokuwa kikimtuliza tangu ana miaka kumi na sita, mimi naona ni kumpunguzia mume mali, na kumpunguzia mke pumzi. Ndoa ina siku ndefu. Mume atasafiri, mtoto atachelewa kuja au watakuja watatu mfululizo, mavyaa atakuwa na maneno. Daftari linabeba mengi usiyoweza kumwambia hata somo.

Na mwambieni mapema huyo bwana harusi. Si baada ya miaka minne. Kwenye kuulizana masuala kabla ya nikahi, baina ya kuuliza utafanya kazi au hutofanya, na tutakaa wapi, iingize: mimi naandika, au mimi nachora, au mimi usiku napenda kutoka uwani kutazama nyota. Umwone uso. Akicheka kwa dharau, hilo nalo ni jibu, na ni afadhali ulipate shela likiwa bado kwangu halijakatwa.

Biharusi alirudi Jumanne kuchukua gauni. Limemkaa, mashallah, nilipunguza kidogo kiunoni tu. Mama yake akiwa anahesabu pesa, mtoto akanisogezea mfuko wa plastiki chini ya meza ya kukatia. Madaftari yote manne. Anasema kamwambia mchumba wake, naye kauliza Mirihi ni mwendo wa siku ngapi, na yeye akashindwa kujibu. Nikamwambia ni miezi, kiasi cha saba hivi, inategemea dunia na Mirihi zilivyokaa.

Nimeshamaliza daftari la kwanza. Mwandiko ni mbaya kuliko wa daktari, lakini yule msichana wa Makunduchi ana maneno, utampenda. Nimemwandikia pembeni kwa penseli mambo mawili. La kwanza, hawezi kuvaa buibui ndani ya ile nguo kama alivyoandika, kwa sababu ndani huvaliwa nguo ya kubana iliyopitishwa mirija ya maji ya kupoza mwili, na glavu zinafungwa kwa pete za chuma kwenye kifundo cha mkono, buibui lingenasa hapo. La pili, asihangaike na mtandio. Chini ya helmeti wanaanga huvaa kofia ya kitambaa yenye vipaza sauti, inashuka hadi masikioni na inafungwa kidevuni. Kichwa kimeshasitirika, atie nywele ndani tu.